Chini ya Namba 12, Uandike Nini?

Saa ninazounda mimi hazitoki kiwandani. Kasha nalitafuta kwa muuzaji huyu, mashini kwa yule, kioo, akrabu na uso kwa wengine, kisha naviunganisha mezani kwangu hapa Michenzani, Unguja. Nyingi ni saa za kuenzi. Umbo lake linafuata saa mashuhuri iliyotangulia, na mara nyingi ni ile ya wapiga mbizi ya Rolex, Submariner, iliyobuniwa mwaka 1953. Lakini saa ya kuenzi haidai kuwa ndiyo hiyo. Inasema tu: umbo lile ni zuri, nami nimelipenda, na mimi ni saa nyingine iliyolifuata.

Feki inadai. Tofauti yote baina ya hizo mbili hukaa mahali padogo kuliko ukucha wa kidole cha mwisho, pale chini ya namba 12 panapoandikwa jina.

Ndiyo maana kasha watu hulichagua haraka, rangi ya uso huibishania kidogo, wakifika kwenye jina wanaganda. "Andika Rolex tu, fundi, nani atajua?" Nimeambiwa hivyo na watu wazima wenye heshima zao. Siandiki. Jina lile ni alama ya biashara iliyosajiliwa, na bidhaa iliyoandikwa jina hilo bila idhini ya mwenyewe ni bidhaa bandia, iwe imeuzwa Darajani, Kariakoo au Nairobi. Wapo pia wanaodhani Seiko inaruhusiwa kwa kuwa mashini iliyomo ndani, hii NH35 tunayoitumia sana, kweli inatoka kwa Seiko. Mashini ni ya Seiko, uso sio. Ukiandika jina lao juu ya uso ambao hawakuutengeneza, umewasemea neno ambalo hawakulisema.

Hata anayeanza na saa halisi ana mipaka. Mwezi Januari 2024 Mahakama Kuu ya Shirikisho ya Uswisi ilitoa hukumu katika kesi baina ya Rolex na karakana moja ya Geneva inayozibadilisha saa hizo. Mwenye saa yake anaweza kumpa fundi aibadilishe kwa matumizi yake mwenyewe. Kuzibadilisha na kuziweka sokoni zikiwa bado na jina la Rolex, bila ridhaa ya kampuni, haifai. Mimi hukumu hiyo naiona ya haki. Mtu ana uhuru juu ya mali yake, ila jina la mwenzake si mali yake.

Basi uandike nini? Hapa napenda kumtaja Hans Wilsdorf, mwanzilishi wa Rolex mwenyewe. Mwanzoni mwa karne ya 20, saa nyingi zilibeba jina la duka lililoziuza au hazikubeba jina lolote. Wilsdorf, akifanya biashara London, alitaka neno fupi, jepesi kutamkwa kwa lugha yoyote, na lenye kupendeza likichapwa kwenye uso wa saa. Alilisajili jina la Rolex mwaka 1908. Hesabu herufi zake: 5. Omega 5, Seiko 5, Tudor 5, Casio 5, Timex 5. Sisemi kwamba kuna kanuni. Nasema kwamba uso wa saa ya aina hii una upana wa milimita 28.5, katikati umeshikwa na akrabu, pembeni umezungukwa na alama za saa, na nafasi inayobaki kwa jina ni kijipande tu. Mtu anayetaka jina lake na la ukoo wake liingie hapo, pamoja na mwaka wa kuzaliwa, atapata mstari wa chungu wadogo.

Lugha yetu ina maneno mengi yanayofaa. KUSI. PWANI. MTEPE. Lakini neno likisikika vizuri halijawa bado neno zuri la kuandika. Chukua PWANI. Ina herufi 5, na A ya katikati imekaa sawasawa kulia na kushoto, kwa hiyo unadhani itatua barabara juu ya mstari wa katikati. Haitui. P na W upande wa kushoto ni pana kuliko N na I upande wa kulia, hivyo ukilipima neno zima kwa upana na kuliweka kati, ile A inasogea kulia, na jicho linaliona hilo kwa sababu namba 12 iko juu yake moja kwa moja kama shahidi. Inabidi ucheze na nafasi baina ya herufi, nywele kwa nywele, mpaka neno litulie. Herufi kubwa tupu ndizo ninazozipenda kwa kazi hii, kwani herufi ndogo kama g, j na p zina mikia inayoteremka na kuharibu mstari.

Nilijifunza mengi kwa saa ya mjomba. Mjomba wangu alizaliwa Unguja na kuhamia Maskati miaka ya sabini, na mpaka leo Kiswahili chake ni cha Mji Mkongwe. Aliniambia anataka saa ya umbo la Submariner yenye jambia chini ya namba 12.

Nilijua anakolitoa. Sultan Qaboos alishika utawala wa Oman mwaka 1970, na katika muongo huo ziliagizwa saa za Rolex kupitia duka la Asprey la London, zikiwa na alama ya jambia la Oman. Walizawadiwa watu waliomtumikia, wakiwemo maofisa wa Kiingereza. Leo wakusanyaji wanazigombea kwenye minada kwa bei ambayo saa ya namna ileile isiyo na jambia haiikaribii. Zipo pia saa za miaka hiyohiyo zenye ndege wa nembo ya Falme za Kiarabu. Kwa Waomani wa umri wa mjomba, jambia lile juu ya saa si pambo. Linasema: huyu alipewa kwa mkono wa Sultan.

"Mjomba," nikamwambia, "hilo siwezi. Jambia ni nembo ya dola, na likiwa mahali pale watu watasoma kwamba ulizawadiwa."

Akanyamaza, kisha akasema, "Kweli sikuzawadiwa. Sasa mwanangu, tuweke nini?"

Nikamuuliza jahazi la babu, yaani baba yake yeye, lilikuwa likiitwaje. Matlai, akasema, upepo wa alfajiri. Tukakubaliana papo hapo. Mjomba alilala juu ya sitaha ya chombo kile akiwa mtoto, na jina lile hakuna wa kumnyang'anya.

Kuliandika kulinitoa jasho. A na T hukumbatiana zenyewe, mguu wa A ukiingia chini ya mkono wa T, lakini L na A huachiana uwazi mkubwa. Usipozirekebisha, neno linasomeka kama maneno mawili. Ilibidi niisukume T iachane kidogo na A, kisha L niikate mguu uwe mfupi.

Kuna watu ninaowashauri wasiandike chochote, na hawa huniangalia kama niliyekataa kazi. Hebu tazama saa za marubani wa Kijerumani za miaka ya vita, zile kubwa zenye kipenyo cha milimita 55. Zilitengenezwa na IWC, A. Lange & Söhne, Laco, Stowa na Wempe, na juu ya uso hakuna jina hata moja kati ya hayo. Mahali pa jina pana pembetatu yenye nukta mbili, ili rubani ajue mara moja upande wa juu ni upi. Anayetaka kuienzi saa ile akabandika nembo yake chini ya pembetatu ameiharibu. Saa za jeshi la Uingereza za mwaka 1945, zilizotengenezwa na kampuni 12, zilikuwa na majina ya watengenezaji, lakini kinachokumbukwa na wengi ni kile kishale kidogo cha mali ya serikali. Nacho sikiandiki, kwa sababu ileile iliyonizuia kuandika jambia.

Maneno ya chini, juu ya namba 6, watu huyachukulia kama mapambo ya kujazia nafasi. Mimi nayachukulia kama kiapo. SWISS MADE ni maneno yenye sheria nyuma yake: tangu Januari 2017, pamoja na masharti mengine, angalau asilimia 60 ya gharama za kuitengeneza saa ziwe zimetumika Uswisi. Neno la chronometer kwa Waswisi linamaanisha mashini imepimwa siku 15, na kwamba kwa wastani wa siku haichelewi zaidi ya sekunde 4 wala haitangulii zaidi ya sekunde 6. Kina cha maji siandiki mpaka saa iliyokwisha kufungwa iwe imepimwa kwa shinikizo, maana kasha likiwa zuri na mpira wake wa kuzuia maji ukakaa vibaya, mita 200 zote ni maandishi tu. Ninachoweza kukiandika bila wasiwasi ni VITO 24, kwa kuwa NH35 ina vito 24, na neno hilo kwa Kiswahili linapendeza mno. Kwenye saa ya mjomba lipo, kwa rangi nyekundu. Rolex nao waliwahi kuliandika neno Submariner kwa nyekundu mwishoni mwa miaka ya sitini. Mstari mmoja mwekundu unatosha, wa pili unaua wa kwanza.

Kuhusu uchapaji sina mengi. Maandishi huchongwa kwenye bamba la chuma, wino huingia mchongoni, kisha tufe laini la silikoni huuinua na kuugandamiza juu ya uso. Wenye vifaa hivyo ni viwanda, na wengi wetu huagiza China. Jihadhari na vijiguu vya nyuma ya uso. Nyuso nyingi huja na vinne ili zifae makasha ya aina mbili, yale ambayo kitufe cha kurekebishia kiko kwenye namba 3 na yale ambayo kimeshuka karibu na namba 4. Unakata viwili. Ukikata visivyo, jina lako zuri litakaa kiupandeupande, na hapo hakuna dawa ila kuagiza uso mwingine.

Kabla ya kutuma mchoro kiwandani, uchapishe kwenye karatasi kwa kipimo chake halisi, si mkubwa kama unavyouona kwenye kompyuta. Ukate mduara wa milimita 28.5 na uubandike kwa gundi hafifu juu ya kioo cha saa unayoivaa sasa, halafu tembea nao sokoni, msikitini, kazini. Wape na wengine walisome jina, wakiwemo wasioona vizuri kwa karibu. Mjomba alikaa na karatasi yake Maskati wiki nzima, na alipopiga simu alikuwa na ombi moja tu, herufi zipunguzwe ukubwa kidogo.