MGONGO UKIUMA, USILALE TU

Wakati wa palizi ya pamba, watu wengi hapa Bariadi huumwa mgongo. Mama mmoja alikuja zahanati akasema, "Mwanangu, nimelala kitandani wiki mbili, lakini mgongo unazidi kukaza."

Nilimpima. Hakuwa na dalili ya hatari. Nikamweleza kwamba mwili ni kama jembe. Jembe lisilotumika huota kutu. Mtu akilala siku nyingi, misuli hulegea na viungo hukaza.

Huko China, zaidi ya miaka 1,800 iliyopita, mganga Hua Tuo aliwafundisha watu kujinyoosha kwa kuiga wanyama watano. Wanyama hao ni chui milia, paa, dubu, nyani na ndege. Mpaka leo Wachina wengi, hasa wazee, hufanya mazoezi hayo. Sisi Wasukuma tuna ngoma, nao wana mazoezi haya ya polepole. Nilimfundisha yule mama mawili.

La kwanza ni korongo. Simama, tenganisha miguu kidogo. Vuta pumzi polepole kwa pua huku ukiinua mikono pembeni kama mabawa. Ifike usawa wa mabega. Toa pumzi, shusha mikono taratibu.

La pili ni dubu. Dubu ni mnyama mzito, hutembea akiyumba. Hapa kwetu hayupo. Weka mikono tumboni, legeza magoti, zungusha kiuno polepole. Anza kulia, kisha kushoto.

Fanya kila zoezi mara tano, asubuhi na jioni. Usijilazimishe. Mzee anaweza kushika mti asianguke. Ukisikia kizunguzungu au maumivu ya kifua, acha mara moja, nenda zahanati.

Lakini mazoezi si badala ya matibabu. Usiache vidonge vyako vya shinikizo la damu. Wahi zahanati au hospitali kama mgongo unauma na:
– miguu inakufa ganzi au inakosa nguvu;
– mkojo umeziba, au unatoka wenyewe;
– una homa, unakonda, au unakohoa wiki mbili. Kifua kikuu huweza kuingia hata kwenye uti wa mgongo;
– ulianguka au uligongwa.

Baada ya wiki tatu mama yule alirudi. Maumivu hayajaisha yote, lakini sasa anachota maji mwenyewe.

Ndugu msomaji, kesho asubuhi, kabla ya kushika jembe, jaribu korongo. Mfundishe na jirani yako.