Semina za Serikali: Nani Hupitisha, na Wewe Unaweza Uliza Nini

Wasee wa Kibera na Kawangware, ofisa wa serikali haamki tu na kupanda ndege kuenda kongamano. Lazima apate kibali kutoka juu. Oktoba 2023, Mkuu wa Utumishi wa Umma Felix Koskei alipiga marufuku ziara za kujifunza ng'ambo na makongamano ya kuhudhuria tu. Julai 5, 2024, maandamano ya Gen Z yakiwa bado moto, Rais Ruto naye akasimamisha safari zisizo za lazima.

Hiyo doo ni ushuru unaokatwa hata ukinunua bando. Kifungu cha 35 cha Katiba kinakuruhusu kuandikia ofisi: nani alienda, alitumia ngapi? Wako na siku 21 kukujibu.