Nyota Tano Zinavyofichua Ladha ya Mtazamaji

Oktoba 2006 kampuni ya Netflix ya Marekani, iliyokuwa ikiwatumia wateja DVD kwa posta, ilitangaza zawadi ya dola milioni 1. Angeipata atakayebashiri mteja ataipa filamu nyota ngapi kati ya 5, kwa usahihi unaoipita programu ya kampuni, Cinematch, kwa asilimia 10. Washindani walipewa alama zaidi ya milioni 100, zilizotolewa na wateja wapatao 480,000 kwa filamu 17,770. Majina ya wateja yaliondolewa.

Zipange alama hizo kwenye jedwali, kila mteja na mstari wake, kila filamu na safu yake: visanduku karibu 99 katika kila 100 vitabaki vitupu, na hivyo ndivyo vya kubashiriwa.

Kwanza hupimwa mkono wa mtoaji. Wapo wanaogawa nyota kama njugu, na wapo wabahili ambao kwao 3 ni sifa kubwa. Tuseme wastani wa alama zote ni 3.6, filamu yetu kwa kawaida hupata 0.4 zaidi, naye mtazamaji hubana kwa 0.5. Ubashiri ni 3.5.

Hapo ladha bado haijaguswa. Desemba 2006 mshindani aliyejiita Simon Funk alieleza hadharani mbinu yake. Kila filamu hupewa orodha fupi ya namba zinazopima sifa zake. Kila mtazamaji hupewa orodha ya urefu uleule, inayopima anavyozipenda au kuzichukia sifa hizo. Namba zinazokabiliana huzidishwa, kisha hujumlishwa. Kompyuta huanza kwa kubahatisha, hulinganisha jibu lake na alama halisi, hurekebisha kidogo na kurudia tena na tena. Haiambiwi filamu ipi ni ya mapenzi, ipi ya kutisha. Hata hivyo, namba zenyewe hutenga vichekesho vya vijana upande mmoja na tamthilia nzito upande mwingine.

Septemba 2009 timu ya BellKor's Pragmatic Chaos ilitangazwa mshindi kwa asilimia 10.06. Timu ya The Ensemble ilikuwa imefikia kiwango hichohicho, ila iliwasilisha kazi yake dakika 20 baadaye.

Shindano likiwa bado linaendelea, Arvind Narayanan na Vitaly Shmatikov wa Chuo Kikuu cha Texas, Austin, walionyesha kuwa anayejua alama 8 za mteja, hata 2 zikiwa na makosa na tarehe za kuzitoa zikikosewa kwa wiki 2, angeweza kuutambua mstari wake kwa asilimia 99. Walioanisha data hizo na maoni yaliyowekwa hadharani kwenye IMDb, tovuti ya filamu. Mwaka 2010, baada ya kushtakiwa mahakamani kuhusu faragha ya wateja, Netflix ilifuta shindano la pili ililokuwa imepanga.

Kufuta jina, basi, si kumficha mtu. Ukitoa alama chache hadharani kwa jina lako halisi, jua kwamba zinaweza kufungua hata zile ulizotoa kwa siri.