Usiilaumu obokano, chunguza kwanza kompyuta yako

YEYOTE aliyelelewa Kisii au Nyamira anaijua sauti ya obokano, ile ala ya nyuzi 8 ya jamii ya kinubi ambayo Abagusii huitengeneza kwa bakuli kubwa la mti lililowambwa ngozi ya ng'ombe. Mvumo wake ni mzito na humfikia msikilizaji kifuani kabla ya kumfikia masikioni.

Hata hivyo, wimbo uo huo ukichezwa kwenye kompyuta, aghalabu hutoka mwembamba na wenye kukwaruza. Jambo hili si dogo. Kijana asiyepata kuiona ala hiyo ikipigwa ataamini kwamba hicho alichokisikia ndicho obokano, na ataipa kisogo.

La kwanza la kuchunguza ni faili yenyewe. Muziki ulio katika CD hupimwa mara 44,100 kila sekunde, na dakika moja huchukua takriban megabaiti 10. Faili ya MP3 ya kilobiti 128 kwa sekunde huchukua chini kidogo ya megabaiti 1 kwa dakika. Ili kufikia udogo huo, programu hutupa sehemu inazodhani sikio halitazitambua, na mwanzo kupotea ni vijambo vidogo kama mguso wa vidole kwenye uzi. Kuigeuza baadaye iwe faili kubwa hakurejeshi kilichokwisha kutupwa. Afadhali kuomba nakala ya kilobiti 320, au ya FLAC, ambayo haipotezi chochote.

Pili, fungua mipangilio ya sauti. Katika Windows, bofya kwa kitufe cha kulia alama ya spika iliyo chini ya skrini, kisha uchague kifaa kinachotoa sauti. Zima madoido yote ya kuboresha sauti. Madoido hayo yalibuniwa kwa ajili ya spika ndogo na mazungumzo. Baadhi huinua sauti za chini na kuzishusha za juu hadi wimbo wote unakuwa bapa. Katika mipangilio iyo hiyo, teua kipimo cha 44,100 ikiwa muziki wako unatoka katika CD, au 48,000 ikiwa unatoka katika video.

Tatu, kiwango cha sauti. Programu kama VLC humruhusu mtumiaji kupita asilimia 100. Usikubali kishawishi hicho, kwani mawimbi hukatwa vichwa na ndipo mkwaruzo huzuka. Iache programu kwenye asilimia 100, kisha uongeze sauti kwenye amplifaya. Kadhalika, anayetaka besi zaidi asiipandishe besi hadi kikomo; ni heri ashushe sauti nyingine kidogo.

Nne, nyaya na spika. Waya wa kompyuta haustahili kuchomekwa kwenye tundu la maikrofoni la amplifaya, kwa sababu tundu hilo hukuza sauti dhaifu na litaivuruga iliyo kubwa. Ukisikia mngurumo usiokoma, chomoa chaja ya kompyuta ya mkononi. Ukinyamaza, chanzo ni umeme wala si wimbo. Aidha, hakuna mpangilio utakaoziwezesha spika za ndani ya kompyuta ya mkononi kutoa mvumo wa obokano. Vipokea sauti vizuri vya masikioni, au spika yenye besi, ndivyo vitakavyokuthibitishia iwapo mvumo umo katika faili.

Tahadhari kubwa zaidi yamhusu anayehamisha kaseti kuukuu. Kosa la msikilizaji hurekebishwa kesho, lakini la anayerekodi hudumu. Asafishe kichwa cha redio kaseti kwanza, atumie tundu la sauti ya kuingia, ambalo katika kompyuta nyingi za mezani huwa la buluu, wala si lile la waridi la maikrofoni. Katika programu kama Audacity, ahakikishe kwamba kipimo hakigusi ukingo mwekundu. Nakala ya kwanza aihifadhi bila kuibana; za kugawia jamaa ndizo ziwe MP3.

Hatimaye, aandike jina la mpigaji, kijiji na mwaka. Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari, na kaseti iliyomo kabatini mwa mzee huko Keroka au Ogembo ni mali.