Mpatanishi Hutaja Majina



Katika Heri Nane, tunazozisoma katika sura ya tano ya Injili ya Mathayo, iko moja ambayo huenda tunaipenda kuliko nyingine, nayo ni ile ya saba, inayowahusu wapatanishi. Tunaipenda kwa sababu tunadhani ni nyepesi. Mpatanishi, kwa mawazo ya wengi, ni mtu mpole asiyeinua sauti, ajuaye kuwaketisha wagomvi na kuwasihi wasahau yaliyopita. Lakini utazameni mpangilio wa Bwana wetu. Kabla ya kuwataja wapatanishi amekwisha kuwataja wenye njaa na kiu ya haki. Na mara baada yao anawataja wale wanaoteswa kwa sababu ya haki hiyo hiyo. Mpatanishi amewekwa hapo katikati, wala si kwa bahati mbaya.

Nabii Yeremia naye (6:14) aliwalaumu manabii na makuhani wa siku zake waliolifunga jeraha la taifa juu juu, wakitangaza amani mahali ambapo amani haikuwapo. Wazee wetu walijua jambo hilo waliposema kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Basi swali letu la leo ni hili: kazi ya mpatanishi huanzia wapi? Nitalieleza kwa njia ya mtu mmoja ambaye naye alihubiri katika redio kila Dominika, nasi makatekista na mapadre tuna mengi ya kujifunza kwake.

El Salvador ni nchi ndogo ya Amerika ya Kati, yenye eneo la kilometa za mraba zipatazo 21,000 tu. Utajiri wake kwa miaka mingi ulikuwa kahawa, na mashamba ya kahawa yalikuwa mikononi mwa jamaa chache, hali wakulima wengi hawakuwa na ardhi ya kuwatosha kula. Mkulima aliyejiunga na wenzake kudai ujira wa haki aliitwa mkomunisti, na aliyeitwa hivyo aliweza kuchukuliwa usiku asionekane tena. Mwezi wa Februari mwaka 1977 Oscar Romero alisimikwa kuwa Askofu Mkuu wa San Salvador. Alikuwa mtu wa vitabu na sala, mwenye haya, na wakubwa wengi walifurahi, wakiamini kwamba huyu hatawasumbua.

Wiki chache tu baadaye, tarehe 12 Machi 1977, rafiki yake Padre Rutilio Grande, Mjesuiti, aliuawa kwa risasi njiani akienda kusoma Misa katika kijiji cha El Paisnal. Pamoja naye waliuawa walei wawili, mzee Manuel Solórzano na kijana Nelson Rutilio Lemus. Askofu Mkuu alikwenda usiku ule ule akakesha na maiti tatu. Dominika iliyofuata aliagiza kwamba katika jimbo kuu lote isisomwe Misa nyingine ila moja tu, mbele ya kanisa kuu, na umati unaokadiriwa kufikia watu 100,000 ukakusanyika. Wako waliomlaumu, hata ndani ya Kanisa, kwamba anachochea. Yeye aliona kwamba taifa likipotewa na watu watatu namna ile, haifai kila parokia iendelee na ratiba yake kana kwamba hakuna lililotokea. Tena alikataa kuhudhuria sherehe za serikali mpaka mauaji yale yachunguzwe. Hayakuchunguzwa, naye hakuhudhuria.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe. Redio ya jimbo kuu, iliyoitwa YSAX, ilirusha mahubiri yake ya Dominika, ambayo mara nyingi yalipita saa nzima. (Msiogope, ndugu zangu, mimi nimepewa dakika chache tu.) Kwanza aliyafafanua masomo ya siku kwa utaratibu, kama mwalimu. Kisha alisoma habari za wiki: nani ameuawa, mahali gani, siku gani; nani amekamatwa na hajulikani alipo; mama gani anamtafuta mwanawe. Alitaja majina yao. Nchi nzima ilisikiliza, na inasimuliwa kwamba mtu aliweza kutembea mtaani asikose neno, kwa kuwa kila nyumba ilikuwa imefungua redio.

Msidhani kwamba aliokota uvumi. Watu walikuja ofisini kwake kutoka vijijini. Vijana wanasheria wa ofisi ya msaada wa kisheria ya jimbo waliwasikiliza, wakaandika ushahidi, wakaulizia na kulinganisha. Hapo ndipo penye ugumu wa kazi hii, na ndipo wengi wetu tunaposhindwa. Kukasirika kwa ajili ya maskini hakuhitaji kazi kubwa. Kuuliza “ulimwona kwa macho yako, au uliambiwa?” na kurudi mara ya pili kuhakikisha tarehe, hiyo ni kazi ya subira, na ni sadaka ya kweli. Neno moja la uongo katika orodha ile lingewapa wauaji nafasi ya kuyakana yote.

Na kwa nini majina? Kwa sababu Mungu mwenyewe alifanya hivyo. Katika kitabu cha Mwanzo (4:9) hamwulizi Kaini habari za vifo kwa jumla. Anamwulizia Abeli, ndugu yake. Mchungaji mwema wa Injili ya Yohane huwaita kondoo wake kila mmoja kwa jina lake. Mama aliyekwenda kambini akajibiwa kwamba mtoto wake hajulikani, huanza kutilia shaka hata akili zake. Siku jina la mtoto yule linaposomwa kanisani na kusikika nchi nzima, mama anajua kwamba anasadikiwa. Na aliyemkamata anajua kwamba kuna anayejua.

Tena alitaja majina ya pande zote. Mwaka huo huo wa 1977 wapiganaji wa msituni walimteka nyara Mauricio Borgonovo, waziri wa mambo ya nchi za nje, wakamwua. Askofu Mkuu aliwasihi wamwachilie, na walipomwua ndiye aliyeongoza Misa ya mazishi yake. Siku zile zile Padre Alfonso Navarro aliuawa kwa kulipiza kisasi, naye akamzika pia. Anayehesabu maiti za upande mmoja tu ni mwanachama wa chama, bado si mpatanishi.

Huulizwa kama hii si siasa. Mwenyeheri Papa Yohane XXIII, ambaye sasa ni Mtakatifu, katika waraka wake juu ya amani duniani wa mwaka 1963, alifundisha kwamba amani hujengwa juu ya ukweli, haki, upendo na uhuru. Ukweli umetangulia. Kutafuta kiti cha utawala ni siasa, na padre hana ruhusa nayo. Kusema kwamba mtu fulani, mbatizwa wa parokia fulani, ameuawa, ni ushuhuda.

Nanyi makatekista na viongozi wa jumuiya ndogo ndogo msiseme kwamba mambo haya ni ya huko mbali. Mjane ananyang'anywa shamba na shemeji zake. Jumuiya inakutana nyumbani kwake, inasali rozari, inaombea amani ya familia kwa jumla, kisha inakunywa chai. Hakuna aliyemwuliza mipaka ilikuwa wapi, nani alishuhudia, karatasi iko kwa nani. Huyo binti wa kazi wa jirani asiyelipwa, jina lake ni nani? Kamati ya haki na amani ya parokia isiyo na daftari la mambo kama hayo, hukumbukwa siku ya uchaguzi tu. Na daftari hilo litunzwe vizuri, lisomwe kwa busara, lifikishwe kwa wanaohusika kabla ya kutangazwa. Kwani kutaja majina ovyo ni umbea, nao ni dhambi.

Mapema mwaka 1980 mitambo ya YSAX ililipuliwa kwa bomu. Tarehe 23 Machi mwaka huo Romero aliwaambia askari kwamba wakulima wanaowaua ni ndugu zao wenyewe, na kwamba hakuna askari anayelazimika kutii amri iliyo kinyume cha amri ya Mungu. Kesho yake jioni, katika kikanisa cha hospitali ya wagonjwa wa saratani alikokuwa akiishi, alipigwa risasi altareni, mahubiri yakiwa yamekwisha na vipaji vikisubiri. Vita viliendelea hadi mkataba wa Januari 1992, na watu wapatao 75,000 walikufa.

Mwaka 1993 Tume ya Ukweli, iliyosimamiwa na Umoja wa Mataifa, ilimtaja meja wa zamani Roberto D'Aubuisson kuwa ndiye aliyetoa amri ya kumwua. Alikuwa amekwisha kufariki mwaka uliotangulia. Siku tano baada ya taarifa hiyo bunge lilipitisha sheria ya msamaha kwa wote, nayo ilidumu hadi mwaka 2016 mahakama kuu ilipoifuta. Padre Rutilio, mzee Manuel na kijana Nelson walitangazwa Wenyeheri pamoja mwaka 2022; Romero alitangazwa Mtakatifu tarehe 14 Oktoba 2018. Katika bustani moja ya San Salvador umejengwa ukuta mrefu wa mawe meusi, nao umeandikwa majina zaidi ya 25,000. Jamaa huja na maua, na wengi huligusa kwa kidole jina wanalolitafuta kabla ya kuanza kusali.