Dakika Tatu za Kuunyosha Mwili

Katika nchi ya Japani, ifikapo saa 12 na nusu asubuhi, redio ya taifa, yaani NHK, hupiga piano, na sauti ya mtu ikahesabu moja, mbili, tatu. Papo hapo wazee walio katika bustani za mji, na watu wengi majumbani mwao, husimama wima na kuinua mikono. Mazoezi hayo huitwa kwa lugha yao rajio taiso, maana yake mazoezi ya viungo yatangazwayo kwa redio. Huchukua dakika tatu na kidogo tu. Hayahitaji uwanja, wala mpira, wala viatu vya namna ya peke yake. Lakini katika muda huo mfupi hakuna kiungo kikubwa cha mwili kiachwacho bila kutumika.

Asili ya desturi hii haikuwa Japani. Mnamo mwaka 1925 kampuni ya bima ya Metropolitan Life, katika mji wa New York, ilianza kutangaza mazoezi ya asubuhi kwa redio. Pengine msomaji atauliza, kampuni ya bima ina haja gani na magoti ya watu? Jibu ni jepesi: mteja aishiye miaka mingi hulipa ada miaka mingi. Maofisa wa bima ya posta ya Japani waliiona kazi hiyo, wakaichukua kwao, na matangazo yakaanza tarehe 1 Novemba, 1928. Mwaka 1930 polisi mmoja wa mtaa wa Kanda, mjini Tokyo, aliwakusanya watoto wakati wa likizo ili wafanye mazoezi hayo pamoja alfajiri, na jambo hilo likaenea upesi. Hata sasa watoto wengi wa huko huamka mapema siku za likizo, kila mmoja na kadi yake shingoni, nayo hupigwa muhuri kila ahudhuriapo.

Wakati wa vita mazoezi hayo yaligeuzwa kuwa chombo cha kuwatia watu utii. Kwa sababu hiyo, baada ya Japani kushindwa mwaka 1945, majeshi yaliyoikalia nchi hayakupendezwa na umati wa watu waendao kwa amri moja, na mwaka 1947 matangazo yakakoma. Yalirudi mwaka 1951 kwa vitendo vipya na muziki mpya uliotungwa na Hattori Tadashi, na ndiyo yafanywayo mpaka leo.

Sasa na tutazame faida yake mwilini. Uti wa mgongo umejengwa kwa pingili, na katikati ya pingili ziwezazo kujongea mna visahani vya gegedu. Visahani hivyo kwa mtu mzima havina mishipa ya damu ndani yake. Chakula chake hupenya polepole kutoka katika mifupa ya jirani, na kujongea kwa mwili husaidia kukisukuma, kama vile sifongo ibanwapo ikatoa maji, ikiachiwa ikayanywa tena. Maungo ya bega, nyonga na goti nayo yana ute wake wa kulainisha, ambao huenea vizuri zaidi kiungo kitumikapo. Basi karani aketiye mezani tangu asubuhi hata jioni, au fundi aliyeinamia cherehani yake, si kwamba anaupumzisha mwili. Misuli ya mbele ya nyonga hukaa imekunjwa, mabega huvutwa mbele, na mgongo hukakamaa. Mwaka 2020 watu wapatao milioni 619 duniani walikuwa na maumivu ya mgongo sehemu ya chini, na ingawa sababu zake ni nyingi, kukaa bila kujinyosha ni jambo moja ambalo mtu aweza kulirekebisha mwenyewe.

Vitendo vya mazoezi haya ni 13, navyo vimepangwa kwa akili. Kwanza mikono huinuliwa juu polepole, ili mgongo unyoke na kifua kifunguke. Kisha mikono huzungushwa huku magoti yakikunjwa na kunyoshwa, na hapo damu huanza kwenda mbio kidogo. Ndipo kiwiliwili hupewa kazi yake: kuinama kando, kuinama mbele na kujinyosha nyuma, kujipinda kulia na kushoto, na baadaye kuzunguka chote kutoka kiunoni. Vitendo hivi ndivyo kiini cha mazoezi, kwa maana katika shughuli za kila siku watu wengi huinama mbele tu. Ni nadra sana mtu kujipinda au kuinama kando. Karibu na mwisho huja kurukaruka, kisha mwili hupozwa kwa mikono na magoti tena, na kumalizia kwa kuvuta pumzi ndefu.

Mtu akianza ataona katika majuma machache kwamba vidole vyake vyakaribia nyayo kuliko mwanzo. Si kwamba misuli imekuwa mirefu ghafla. Kwa sehemu kubwa mishipa ya fahamu imezoea ule mvuto, haipigi tena kelele ya maumivu mapema. Kwa hiyo mazoea hayo hupotea pia mtu akiacha, na dakika tatu za kila siku zina faida kuliko saa nzima ya Jumapili moja inayoacha mwili umeuma hata Jumatano.

Waliopita shuleni zamani watakumbuka drili, na mwalimu akipaaza sauti, “Kifua mbele!” Amri hiyo yafaa kwa gwaride, lakini kusimama kama askari mchana kutwa huchosha mgongo. Waganga wa viungo wa siku hizi husema kwamba hakuna mkao mmoja ulio bora kuliko yote, bali lililo baya ni kukaa namna moja kwa saa nyingi. Mwili unaonyumbuka husimama vizuri bila kulazimishwa.

Hata hivyo mazoezi haya si dawa ya kila kitu. Shirika la Afya Duniani, katika mashauri yake ya mwaka 2020, lilisema mtu mzima anahitaji dakika 150 hadi 300 za mwendo wa wastani kila juma, pamoja na kazi ya kutia misuli nguvu siku mbili au zaidi. Dakika tatu haziwezi kujaza pengo hilo. Na mwenye maumivu ya mgongo yashukayo mguuni pamoja na ganzi, au mzee ambaye mifupa yake imedhoofika, yampasa amwone daktari kabla ya kujipinda, na kuruka akuache kabisa.

Kwa ajili ya watu kama hao Wajapani walitunga mazoezi mengine mwaka 1999, yaitwayo Minna no Taiso, maana yake mazoezi ya watu wote. Hayo yaweza kufanywa hata na mtu aliyeketi kitini, mikono na kiwiliwili vikifuata muziki.