Umbo la Kichwa Halitoshi Kumtambua Nyoka Mwenye Sumu

Wananchi wengi huamini kuwa nyoka mwenye kichwa cha pembetatu ana sumu, na mwenye kichwa chembamba hana. Imani hiyo huweza kugharimu maisha.

Hongo, nyoka wa kijani anayepatikana hasa ukanda wa pwani, kwenye mikorosho na miembe, ana kichwa chembamba, lakini sumu yake hushambulia mishipa ya fahamu. Hufanana na ukukwi, nyoka wa kijani asiye na madhara kwa binadamu. Hongo mzima huweza kufikia mita 2, ilhali ukukwi wengi huishia takriban mita 1. Hata hivyo, hongo mchanga hulingana na ukukwi kwa urefu.

Kinyume chake, nyoka mla mayai, asiye na sumu, anapotishwa hutandaza kichwa kikafanana na cha kifutu, na husugua magamba yake yakatoa mlio wa kutisha.

Hivyo, mwananchi anashauriwa kujitenga na nyoka yeyote, wala asijaribu kumkamata. Aliyeumwa atulizwe, kiungo kilichoumwa kisitikiswe, na afikishwe haraka kituo cha afya bila kuchanjwa, kufungwa kamba wala kunyonywa jeraha, hata kama nyoka huyo amedhaniwa kuwa ukukwi.